Nakuru au Kisumu, na Mama Aliyeniita Baba

Kazi yetu ilikuwa kushona magunia. Ghala lilikuwa Eldoret mjini, upande wa reli, na mimi na mama tuliketi ndani yake kutoka asubuhi mpaka jioni, kila mtu na sindano yake ndefu na uzi wake wa katani. Wakulima wa Turbo na Chepsaita walileta mahindi kwenye vinu vya kusaga, mahindi yakamwagwa, na tajiri wetu akanunua magunia matupu. Sisi tuliyageuza ndani nje, tukayakung'uta, kisha tukayainua mbele ya mlango ili mwanga utuonyeshe matundu. Gunia lenye tundu lilipata kiraka. Gunia lililochoka kabisa lilikatwa, likawa viraka vya mengine.

Kukung'uta ndiko kulikoharibu kifua cha mama. Vumbi la gunia si kama vumbi la barabarani. Lina unga ndani yake, lina fukusi waliokufa, lina ile dawa nyeupe ambayo wakulima wanatia mahindi yasiliwe. Mama alijifunga kitambaa puani, lakini kitambaa kililowa kwa pumzi yake na baada ya muda alikishusha. Mwezi wa saba, ukungu ulipolala Kiplombe ambako tulikuwa tumepanga chumba, alikohoa mpaka akashika ukuta. Hospitalini walimwambia aache kazi ya vumbi. Hawakumwambia aende kazi gani.

Lazima nieleze jinsi mama alivyoniita, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa jina la baba ya baba yake, na wa pili anaitwa jina la baba ya mama yake. Kaka yangu wa kwanza alikufa akiwa bado ananyonya. Mimi ndimi wa pili. Kwa hiyo nilikuwa na jina la babu yangu mzaa mama, na mama hakuniita kwa jina hilo hata siku moja, kwa maana mtu haiti jina la baba yake ovyo. Aliniita Baba. Nilipokuwa mdogo aliniita Baba huku akinipangusa kamasi. Nilipokua, na baba mzazi akafa, neno hilo likawa na uzito mwingine. Alinipa nyama kwanza. Nilipoingia ndani alinipisha kiti. Akitaka kununua hata chumvi aliniuliza. Na mimi, ambaye sikuweza kumwambia konda kwamba amesahau kunirudishia chenji yangu, nilikuwa nimekalia kiti cha mzee wa watu aliyekufa zamani.

Mbebaji mmoja pale ghalani alifurahia sana jambo hili. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye mabega kama mlango.

"Mama," alisema, "huyu kijana ndiye baba yako?"

"Ndiye."

"Basi mimi ni shangazi yako! Nisalimie kwa heshima."

Mama alicheka akakohoa. Mimi niliinamia gunia langu. "Na huyu baba yako haongei," yule mbebaji aliendelea. "Kwani mdomo wake unatozwa ushuru?"

Siku moja tajiri wetu aliingia akasimama katikati ya ghala. Alikuwa mzee wa Kisomali, mtu wa kaskazini, mwenye malori mawili na ndevu alizozipaka hina. Alitazama paa, alitazama kuta, akatuita tukaribie. Kiwanja kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Mtu mkubwa, alisema, na akaangalia mlango kwanza kabla ya kusema. Miaka ile hukuuliza mtu mkubwa ni nani. Ukiambiwa kiwanja kimeenda kwa mtu mkubwa, unaanza kufunga mizigo.

"Mimi nafunga hapa mwisho wa mwezi," alisema. "Lakini nyinyi ni watu wangu, siwatupi. Kuna kazi miji miwili. Kisumu nina ghala la magunia, kubwa kuliko hili. Mama atashona, na wewe kijana utasimama mlangoni, unapokea wenye lori, unahesabu mzigo, unasema nao. Mshahara wako utapanda. Nakuru ndugu yangu ana duka la nafaka. Huko hakuna magunia ya kushona. Mama atapimia watu maharagwe na mchele, wewe utabeba na kufagia. Mshahara ni ule ule wa hapa. Chagueni. Ijumaa nikitoka msikitini mniambie."

Akamgeukia mama. "Sasa mama, unaonaje?"

"Muulize huyu," mama alisema. "Huyu ndiye baba."

Tajiri alinitazama. "Haya, baba. Unaonaje?"

Nilisema, "Mama akikubali, nimekubali."

"Wallahi," alisema mzee, "hawa watu wawili wakikutana mlangoni watalala nje." Akaenda zake.

Nitasema wazi nilichotaka. Nilitaka Nakuru. Nilitaka mama akae nyuma ya meza apime maharagwe kwa mkebe, asikung'ute gunia tena. Nami sikutaka kusimama mlangoni kusema na watu wa malori. Hata kumwomba jirani kiberiti kulinishinda, sembuse kupigizana kelele na madereva kila siku. Kila upande nilioutazama ulinielekeza Nakuru.

Lakini Nakuru alikaa ndugu ya baba. Baba na huyo ndugu yake walitoka sehemu za kati za nchi pamoja, wakanunua pamoja shamba dogo karibu na Eldoret. Baba alipokufa, ndugu yake alisema karatasi zote zina jina lake peke yake, na kweli zilikuwa na jina lake peke yake. Akauza, akahamia Nakuru na kufungua kibanda cha kinyozi. Mama alitoka shambani na sufuria zake na mimi. Siku ile alisema hatakunywa maji ya nyumba ya mtu yule mpaka afe, na tangu hapo, mtu akitaja Nakuru mbele yake, alinyamaza. Ningewezaje kumpeleka katika mji ule akutane naye sokoni, akutane naye kanisani? Nilingoja aseme yeye. Akisema Nakuru, nitajua amemsamehe, au amechoka kumchukia, na tutakwenda.

Hakusema. Jioni ile alipakua ugali, akanitengea, akakaa kwenye kigoda.

"Baba, umeonaje?"

"Utakavyoona wewe, mama."

"Mimi ni wa kufuata."

"Hapana, sema tu."

"Kifua kinapenda joto," alisema. "Watu wanasema hivyo."

Kisumu ndiko kwenye joto. Kila mtu anajua. Niliona amenionyesha njia bila kunilazimisha, kama mtu mwenye heshima anavyofanya. Nilikula nikanyamaza. Naye aliuona unyamavu wangu, akauelewa kwa namna yake.

Kesho yake mbebaji alikuwa na furaha, maana yeye alikuwa anarudi kwao. Aliketi juu ya marobota ya magunia akatueleza habari za Kisumu. Alisema samaki wa huko ni wakubwa, ukimweka mmoja kwenye sahani mkia unakaa kwa jirani, na jirani naye anaanza kula. Alisema kiboko aliingia shamba la mjomba wake, mjomba akatoka na tochi akidhani ni mzee wa kanisa amelewa, akaanza kumhubiria. Nilicheka. Mimi si mtu wa kucheka, lakini ile ya mzee wa kanisa ilinishika mbavu, nikaangusha sindano, nikacheka mpaka machozi. Nilipoinua macho mama alikuwa ananitazama kwa makini sana. Alikuwa anatabasamu, lakini si kwa hadithi.

Alhamisi nilirudi chumbani nikaona blanketi nene halipo. Lilikuwa blanketi zito la kijivu, la mama, alilojifunika miezi ya baridi huku akikohoa. Nilimuuliza.

"Nimempa jirani," alisema. "Ana watoto wadogo. Sisi la nini?"

Basi nikajua. Mtu hampi jirani blanketi akienda Nakuru, maana Nakuru usiku kuna baridi. Mama ameshaamua, nikajiambia, ila hawezi kutangulia kulitamka mbele ya baba yake. Amenifungulia njia ili niseme mimi. Nililala nikiwa na huzuni, lakini pia na utulivu wa mtu aliyeondolewa mzigo.

Ijumaa mzee alitoka msikitini na kofia yake nyeupe. "Ehe? Nakuru ama Kisumu?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama chini kama binti anayengoja neno.

"Kisumu," nilisema.

"Mama, umesikia?"

"Baba akishasema, imekwisha," mama alisema. Mbebaji akapiga makofi.

Tulifunga ghala wiki ile. Picha ya rais ndiyo iliyobaki ukutani hadi mwisho, kwa maana hakuna aliyetaka kuonekana akiishusha. Mzee mwenyewe alipanda kiti, akaishusha kwa mikono miwili, akaipangusa kioo kwa mkono wa kanzu, akaifunga ndani ya gunia jipya lisilo na kiraka. Aliiweka kwa dereva, mbele. Sisi tulikaa nyuma juu ya marobota.

Lori lilipita Kapsabet, likaanza kuteremka, na kila kona tuliyopinda hewa ilizidi kuwa nzito. Mama alivua sweta. Baadaye alifungua kifungo cha shingo. Tulipoiona Kisumu, imelala chini kwenye joto na ziwa likiwaka kama bati, mbebaji alisimama akapiga kelele za furaha. Mama aliniuliza, "Ni kuzuri?" Nikamjibu ni kuzuri. Nilidhani ananiuliza ili nimhakikishie alichokichagua.

Ghala la Kisumu lilikuwa na bati juu na bati pembeni, na dirisha moja. Magunia ya huko yalikuja na unyevu. Yalikuwa na kuvu ya kijani, na ulipoyakung'uta hayakutoa vumbi la kuruka bali kitu kama unga laini kilichokaa hewani na kukataa kushuka. Wanawake wengine walioshona pale waliongea lugha yao, walikuwa wakarimu, walimpa mama samaki. Mama alikula kidogo kwa heshima. Kwetu, wakati anakua, samaki hakuliwa, na ule utelezi ulimshinda. Hakuwa na mtu wa kusema naye. Kanisa alilipata, lakini nyimbo alizijua kwa tuni tu.

Na mimi mlangoni niliteseka. Madereva walinipigia kelele, nikahesabu vibaya, nikaanza tena, wakazidi kupiga kelele. "Hii ni karani ama ni nguzo?" Jioni nilirudi na kumwambia mama kazi ni nzuri. Alifurahi. "Niliona tu utaipenda," alisema, na bado sikuelewa.

Mvua za masika zilipoanza mama alishikwa na malaria. Wenyeji walisema ni kitu cha kawaida, wao huumwa leo, kesho wako sokoni. Lakini sisi tulitoka juu, kwenye baridi, damu yetu haikuijua. Alitetemeka, akapona, akarudi kwenye sindano. Ikamrudia. Safari ya tatu ilikutana na kile kifua na hakuweza kuinuka. Mbebaji na mimi tulimbeba mpaka hospitali, yeye akiwa amemshika zaidi kuliko mimi, na njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Wodini alilazwa kitanda cha karibu na mlango. Siku moja mchana, homa ikiwa imeshuka kidogo, nilikuwa nimempelekea uji. Alikunywa vijiko vichache akasukuma kikombe.

"Baba," alisema, "nimefurahi angalau wewe umepata mji ulioupenda."

Nilidhani ni homa. "Mji gani?"

"Huu."

"Mimi? Mama, ni wewe uliyependa huku. Ulisema kifua kinapenda joto."

Alinitazama. "Nilisema hivyo ili usinionee huruma. Nilikuona unasita kusema, nikajua unataka Kisumu, penye mshahara mkubwa, na unaogopa kifua changu. Halafu ulivyocheka siku ile, habari za samaki... Sikuwa nimekuona umecheka hivyo tangu baba yako afe."

"Nilicheka kiboko, mama. Na blanketi?"

"Nilikuwa najitayarisha kukufuata."

Niliuliza habari za yule ndugu ya baba. Alifumba macho kidogo. Alisema alikuwa ameshaamua kwamba akimkuta barabarani atamsalimia na kupita, kwa sababu mtu anayekohoa hana nguvu za uadui. Alisema alikuwa ameshafikiria hata lile duka, meza yake ingekuwa upande gani, na mkebe angeufuta kila asubuhi. Alisema nilipotamka Kisumu alitaka kukataa, lakini baba alikuwa ameshasema.

Nilikaa pale na kikombe cha uji. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaita nesi.

Halafu yeye akanishika mkono. "Nenda ukamwambie mzee tunataka Nakuru. Mimi ndimi ninayesema. Usinijibu 'utakavyoona wewe'."

Nilikimbia. Nilimkuta mzee ghalani na watu watatu wamemzunguka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwakatiza watu wazima. Nilisema yote, nikirukaruka maneno: kifua, duka, kwamba hatukuelewana, kwamba tafadhali. Mzee aliondoa kofia akajikuna.

"Sasa mbona hukusema tulipokuwa Eldoret?"

Nilirudia yale yale: kifua, duka, tafadhali.

"Ndugu yangu ameshamwandika mtu," alisema. Kisha akaniangalia usoni. "Lakini nitamtumia neno. Lori linapanda Jumatatu kupeleka mchele. Mama atakaa mbele kwa dereva. Mkifika tutajua la kufanya."

Nilirudi wodini nikamwambia. Aliuliza kama Nakuru mvua imeanza. Aliniagiza nimtafutie sweta, ile aliyovua kwenye lori, maana njiani ng'ambo ya Kericho kuna baridi. Alikuwa na haraka kama mtu anayetayarisha safari kweli. Ijumaa alikaa kitandani akasukwa nywele na mwanamke wa kitanda cha pili, ingawa hawakuwa na lugha moja, wakielewana kwa vidole.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na sweta. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Nesi alinishika bega akanitoa nje kabla sijauliza.

Hatukuwa na shamba la kumzika mahali popote. Alizikwa kwenye makaburi ya mji, udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Wanawake wa ghalani walikuja wote. Mbebaji alichimba pamoja na wengine. Tajiri alikuja, akasimama nyuma kidogo kwa sababu si dini yake, na alikuwa amelipia sanduku. Ndugu ya baba pia alikuja kutoka Nakuru, amezeeka, kofia mkononi. Sijui nani alimpelekea habari. Alilia kwa sauti, na sikujua nifanye nini na kilio chake.

Pasta aliuliza ni nani atakayesema kwa niaba ya jamaa. Watu walinitazama. Ndugu ya baba aliguna kama aliyetaka kusogea mbele, nikamtangulia. Nilisimama kando ya udongo. Nilisema huyu alikuwa mama yangu, alishona magunia, alitaka kwenda Nakuru. Nikaishia hapo, wakaanza wimbo.

Baada ya watu kuosha mikono, tajiri alinivuta pembeni. Ndugu yake alikuwa amekubali kupokea mtu mmoja dukani. Lori lilikuwa bado halijaondoka, alikuwa amelizuia kwa ajili ya mazishi. Ndugu ya baba naye alikuwa karibu, akasema Nakuru kuna chumba nyuma ya kibanda chake cha kinyozi, nije nikae, mimi ni mtoto wa ndugu yake. Wote wawili walingoja.

Nilisema nabaki hapa. Sikutazama uso wa mtu kabla ya kusema. Mzee aliniambia nifikirie mpaka kesho, nikamwambia nimeshafikiria, ingawa si kweli. Nilichojua ni kwamba mama hawezi kupanda lori tena, na nikipanda mimi, hapa alipolala hatabaki na mtu wa kwao.

Lori liliondoka na mchele. Mimi niliomba nitolewe mlangoni nirudishwe kwenye sindano, na mzee alikubali. Magunia ya wiki ile yalikuwa yameloa zaidi kuliko kawaida. Nilikaa mahali alipokuwa amekaa yeye, chini ya lile dirisha, nikafunga kitambaa puani na kugeuza la kwanza ndani nje.